Rambirambi kwa Mpiga Saksafoni Aliye Hai

Mimi huogopa kwanza, halafu ndipo ninapoanza kufikiri. Hata kununua mkate kuna kazi yake: nikitoka nyumbani najiuliza nisalimie kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili, na nikisalimia kwa Kiswahili najua muuzaji atacheka. Wazazi wangu walirudi kutoka Tanzania, na Kiswahili cha nyumbani kwetu, hapa Gisenyi mpakani mwa Rwanda na Kongo, kinafurahisha watu. "We unaongea kama taarifa ya habari," ndivyo nilivyoambiwa mtaani kwetu Mbugangari tangu utotoni.

Nilipomaliza chuo nikakaa nyumbani bila kazi, mama hakuona sababu ya taarifa ya habari kukaa bure dukani kwake ikipanga sabuni. Alisikia kwamba kituo cha redio cha mjini kinatafuta mtangazaji wa Kiswahili wa vipindi vya mchana. Alinituma huko kama anavyotuma mtu chumvi: nenda, usirudi mikono mitupu.

Tukachujwa mpaka tukabaki wawili. Mwenzangu alikuwa kijana mwenye sauti nzito, anayecheka kabla ya kusema na baada ya kusema. Bosi wa kituo, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda, alitupa kila mmoja kipindi cha saa moja hewani, siku tofauti, na kipimo chake kilikuwa simu za wasikilizaji.

"Redio isiyopigiwa simu ni friji," alisema. "Inanguruma tu kwenye kona."

Mwenzangu alitangulia. Alipiga rumba na kuzungumzia mpira, na simu zililia mpaka bosi akaacha kuzipokea. Ilipofika zamu yangu bosi aliniambia, "Rumba imeshapigwa, hiyo hata paka anaweza. Wewe niletee muziki ambao hakuna aliyeuomba, halafu nione nani atapiga simu." Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa pigo. Mimi nilikuwa na jibu tayari, na jibu lenyewe nilikuwa nimelala nalo masikioni mwaka mzima wa mwisho wa chuo.

Lilikuwa albamu ya mzee mmoja wa Kiingereza, mwanamuziki wa jazi, ambaye uzeeni alikaa chini akachagua nyimbo kutoka maisha yake yote ya kazi na kuzipanga kwenye diski tatu. Diski zenyewe sijawahi kuzishika. Nilizipakua kwenye simu usiku wa tasnifu, nikitafuta kitu kisicho na maneno ili maneno yangu yasichanganyikiwe. Yule mzee anapiga filimbi, klarineti, saksafoni za kila ukubwa, kinanda, ngoma, na chombo kimoja cha vyuma kinachogongwa kwa virungu vidogo, chenye mlio wa matone ya mvua ndani ya ndoo. Katika maelezo ya albamu anasema kwamba tangu ujana kila mtu alimshauri achague chombo kimoja. Mwalimu wake alimwambia, wenye kumbi walimwambia, na mke wake alimwambia kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa masanduku ya vyombo. Hakuchagua. Diski tatu ndizo zilizokuwa jibu lake.

Mimi nimesoma uchumi, napenda lugha, nafikiria sheria, na kila harusi yupo shangazi anayeniuliza hasa hasa nataka kuwa nani. Kwa hiyo yule mzee nilimwamini.

Nilijiandaa kwa namna yangu, yaani kupita kiasi. Niliandika kila neno. Nilifanya mazoezi ya kutamka "saksafoni" mbele ya rafu za sabuni mpaka mteja mmoja akauliza hiyo ni sabuni gani. Niliamua kuchukua nyimbo chache kutoka kila diski, zifuatane kama mzee alivyozipanga, kuanzia za ujana mpaka za uzee, na katikati niseme maneno machache tu, taratibu, ili sauti isitetemeke. Niliwaza kuhusu umeme kukatika. Niliwaza kuhusu kikohozi. Niliwaza itakuwaje mtu akipiga simu na kuniuliza tofauti ya klarineti na saksafoni, nikaandaa majibu mawili, moja fupi na moja refu.

Jumatano alasiri nilikaa mbele ya maikrofoni. Studio ile ina dirisha linalotazama ziwa, na upande mwingine kuna kioo ambacho nyuma yake bosi alikuwa ameketi kwenye mitambo na kofia yake ya miaka yote. Matangazo ya biashara alikuwa ameyaondoa kwenye saa yangu; hakutaka wateja wake wasikike karibu na mtu asiyejulikana. Taa nyekundu ikawaka. Nikasoma:

"Alizaliwa katika mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa tatu wa fundi wa reli. Alisoma shule ya msingi hapohapo, na akiwa bado mdogo alijiunga na bendi ya mtaa wao, ambako alikabidhiwa filimbi. Wote waliomfahamu walimwona kuwa kijana mwenye bidii."

Kisha nikanyamaza, filimbi ikaingia.

Niliona imeenda vizuri. Sauti haikutetemeka, ilitoka chini na polepole. Wimbo wa pili ulikuwa wa klarineti, wa huzuni kidogo. Kabla ya wa tatu nikasoma jinsi alivyohamia jiji kubwa, akaoa, na kufanya kazi na wengi waliompenda. Niliposhusha karatasi simu ya kwanza ikalia, na bosi akainua kidole gumba nyuma ya kioo. Nilifurahi kuliko inavyofaa.

"Allo?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Mi niko Nyamyumba, nauzaka sambaza, hizi samaki ndogo, hapa kwenye mwalo. Nilitaka kusema tu, poleni sana."

"Asante sana, mama," nikasema. Nilidhani ananipa pole kwa woga wangu, nilidhani ameusikia.

"Mujikaze," akasema. "Disi, masikini, muzee wa watu." Akakata.

Niliweka wimbo wa tatu nikijaribu kuelewa. Simu ya pili ikaja wimbo ukiwa bado unapiga, na bosi akaupunguza sauti akanipa ishara niipokee.

"Bon," alisema mwanaume mmoja, taratibu kama mtu aliyesimama mbele ya watu. "Sisi hapa Rubavu tunasikitika pamoja na nyinyi. Hatukumujua, lakini mutu ni mutu. Mazishi iko wapi?"

Sikuwa na jibu la swali hilo, wala fupi wala refu. Nikageuka kumtazama bosi. Alikuwa amevua kofia. Ilikuwa juu ya goti lake, na kichwa chake chenye upara kilikuwa kimeinama.

Sauti yake ikaja masikioni mwangu, ya chinichini: "Kwa nini hukuniambia amekufa? Tungeanza na kwaya."

Hapo ndipo nilipousikia wasifu wangu kwa masikio ya mji mzima. Alizaliwa, alisoma, alioa, wote walimpenda. Nilikuwa nimekwenda kwenye maziko ya kutosha kujua karatasi ya namna hiyo husomwa lini. Na redio za kwetu, upande huu wa mpaka na upande ule, zinapiga nyimbo za mtu mmoja mfululizo, za zamani mbele na za karibuni nyuma, bila tangazo la sabuni katikati, siku moja tu katika maisha yake, na yeye siku hiyo hazisikii.

Mtu asiye na wasiwasi angesema palepale: jamani, yuko hai. Mimi nikajiuliza: una uhakika? Albamu ilikuwa na muda tangu itoke. Mzee ni mzee kweli. Na watu wengi namna hii hawawezi kuhuzunika bure. Nikaweka wimbo wa nne, ule mrefu, nikatoa simu yangu chini ya meza nikamtafuta mtandaoni. Nikampata kwenye ukurasa wake. Picha ilikuwa ya Jumapili iliyotangulia: amesimama sokoni kwao kwenye baridi, saksafoni shingoni, mkono mmoja umeshika mfuko wa karoti. Chini yake alitangaza kwamba mwezi unaofuata atapiga kwenye ukumbi mdogo nyuma ya baa.

Yu hai, basi. Lakini Jumapili si Jumatano, nikawaza. Halafu nikawaza kwamba hata mama yangu namjua kuwa hai kwa sababu nilimwacha dukani asubuhi, na hakuna anayedai ushahidi zaidi ya huo. Nilikuwa hapo, kwenye mawazo hayo hasa, bosi alipoingiza simu nyingine.

"Mwanangu, ni mimi."

"Mama. Uko hewani."

"Najua niko hewani, si nimepiga redioni? Huyu mzee ni nani kwetu?"

"Mama..."

"Maana majirani wamejaa hapa dukani. Wamekusikia unavyosoma kwa uchungu, wakasema huyo lazima ni mtu wa karibu, labda ndiye aliyekulipia chuo. Jirani wa nyuma kaja na mkeka. Nimefunga mlango mmoja wa duka, nimebandika chai. Sasa wananiuliza marehemu ni nani na mimi najibu sijui, naonekana mtu gani?"

Nyuma ya kioo bosi alikuwa hajui aangalie wapi. Mimi nilivuta pumzi ambayo bila shaka ilisikika mpaka milimani.

"Mama, hajafa."

Nikasikia birika na mtu akikohoa.

"Hajafa?"

"Hajafa. Jumapili alikuwa sokoni kwao ananunua karoti."

"Karoti," mama alirudia, na nikamsikia akigeuka kuwaambia watu: "Hajafa. Ananunua karoti." Dukani kukawa na minong'ono. Kisha akarudi kwenye simu. "Na hii chai?"

"Wape wanywe, mama."

Akakata. Nikawa peke yangu na taa nyekundu. Karatasi zangu zilikuwa na majibu ya umeme, kikohozi na klarineti, kwa hiyo nilizigeuza kifudifudi. Nikawaambia wasikilizaji kwamba mzee wetu ni mzima, kwamba nyimbo hizi amezichagua mwenyewe kwa mkono wake, na kwamba mimi ndiye niliyemsoma kama marehemu kwa kutaka sana kumsoma vizuri. Nikasema waliotoa pole Mungu awabariki. Nikangoja. Niliamini kabisa kwamba sasa simu zitanyamaza, kazi iende kwa rumba.

Ikalia moja, na aliyepiga hakusalimia.

"Donc, kumbe iko muzima."

"Yuko mzima, baba."

"Sasa kama iko muzima, munamumalizia sifa zote ya nini? Siku akikufa mutasema nini?"

"Hazijaisha, baba. Tuko diski ya pili. Ziko tatu."

Jibu hilo lilitoka kabla sijalifikiria. Nadhani lilikuwa la kwanza maishani mwangu kutoka hivyo. Yule baba akacheka, cheko refu la mtu mnene, na nyuma ya kioo bosi akairudisha kofia kichwani.

Baada ya hapo simu hazikunipa nafasi. Yuko aliyeuliza kama mzee ana wajukuu. Yuko aliyetaka kumpa salamu yeye, mke wake, na wote wanaomfahamu, kama salamu za redio zinavyopaswa kwenda, na nikazipokea salamu hizo kwa niaba ya mitaa ya kwao nisiyoijua. Kisha akapiga kijana wa mitumbwi ya sambaza, sauti imejaa usingizi.

"We dada, sisi tunafanyaka kazi usiku. Umetuamusha na huyo muzee wako."

"Samahani."

"Hapana, iko sawa. Nauliza. Huu wimbo uko unapiga sasa, iko watu wangapi?"

Ulikuwa wimbo wa katikati ya diski ya pili, ninaoupenda kuliko zote. "Ni yeye peke yake," nikasema.

"Unadanganya. Mi nasikia filimbi, nasikia ile kubwa ya chini, nasikia na ngoma. Sisi mitumbwi tunafunga tatu pamoja, mutu moja hawezi kuwa kwenye zote."

Jibu lake nililijua vizuri, na nilimpa kwa maneno ya kawaida. Siku ya kurekodi theluji ilifunga barabara, wenzake hawakufika. Mzee akarekodi ngoma peke yake. Akaisikiliza, akapiga klarineti nene ya chini juu yake. Akasikiliza zote mbili, akaongeza filimbi. Mpaka jioni bendi ilikuwa imetimia.

Kijana akaguna. "Donc anaimbisha, halafu anajiitikia mwenyewe."

"Ndiyo."

"Hiyo ni upweke, dada."

"Sikiliza mwishoni," nikamwambia. "Mwishoni anacheka."

Tukasikiliza wote, mimi, bosi, yule kijana aliyekuwa bado kwenye simu, na sijui nani wengine kando ya ziwa. Filimbi ikauliza, klarineti ikajibu, filimbi ikakatiza kabla jibu halijaisha kama mtoto asiye na adabu, na ngoma ikawagombeza wote wawili. Kisha vyombo vikanyamaza, na mtu mmoja, mbali kidogo na maikrofoni, akacheka.

"Ee," alisema kijana. "Amejifurahisha." Akasema anarudi kulala.

Diski ya tatu ni ya uzeeni. Nilikuwa nimeiandikia aya nzima kuhusu ukomavu, sikuisoma. Nilisema tu ninachosikia: kwamba kijana yule wa wimbo wa kwanza alikuwa anajaza kila nafasi kwa noti, na mzee huyu anaacha nafasi, na ndani ya nafasi hizo unasikia pumzi yake ikiingia, nzito, yenye mkwaruzo, kabla ya kila sauti. Wanamuziki wengine huifuta pumzi hiyo wakirekodi. Yeye ameiacha. Nikaongeza kwamba tangu saa ile ianze mimi nilikuwa najitahidi pumzi yangu isisikike, na kwamba nimechoka kujitahidi.

Wimbo wa mwisho ulipokaribia kuisha, yule mama wa sambaza alipiga tena.

"Dada. Ile pole yangu."

"Nimeitunza, mama."

"Huyu muzee anahema vibaya. Aache baridi. Mwambie anywe kitu ya moto."

"Nitamwambia."

"Basi," akasema, na saa yangu ikaisha.

Bosi alinikuta kwenye korido nikikusanya karatasi zilizokuwa zimelala kifudifudi muda wote ule. Aliegemea ukuta.

"Simu zimelia, sikatai," akasema. "Lakini binti, zimelia kwa sababu watu walidhani kuna maiti. Kwa maiti hata mimi napiga."

Nilijua angesema hivyo. Nilikuwa nimelifikiria wakati wa wimbo wa mwisho, na kwa mara ya kwanza kufikiri kwangu kulifika mapema kuliko woga.

"Zile mbili tatu za mwanzo, ndiyo," nikasema. "Lakini maiti alipofufuka hawakukata. Waliongezeka."

Akakuna kidevu.

"Na mwenzangu walimpigia kuomba wimbo wanaoujua. Mimi wamenipigia kuuliza wasichokijua. Umesema nilete muziki ambao hakuna aliyeuomba. Sasa kuna mvuvi anaujua."

Bosi akatazama dirishani, kule ziwani.

"Kweli ule wa katikati ni mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Hm." Akairekebisha kofia. "Jumatatu uje saa mbili asubuhi. Na usianze tena na 'alizaliwa'."

Kwa kawaida sentensi kama hiyo ningeibeba wiki nzima, nikiipekua mifuko kutafuta kama ndani yake kuna kukataliwa. Nilishuka ngazi nayo, na nilipofika chini nilikuwa nimeshaielewa. Nikatembea mpaka Mbugangari kwa miguu, sikuchukua hata pikipiki, kwa sababu nilitaka muda wa kutowaza chochote, jambo ambalo kwangu linahitaji mahali pa kutosha.

Dukani kwa mama mlango mmoja ulikuwa bado umefungwa, kama duka lenye msiba. Majirani hawakuwa wameondoka. Walikaa kwenye mkeka na kwenye kreti za soda, vikombe mikononi, wakizungumza kwa sauti ya chini ambayo hawakuwa wamekumbuka kuipandisha. Jirani wa nyuma, bibi mmoja mwenye mkeka wake, aliniona kwanza.

"Mfiwa amefika," akasema, na kicheko kikazunguka duka zima.

Mama hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya meza na birika, akinitazama usoni kama anavyoitazama mizani.

"Wamesemaje?"

"Naanza Jumatatu."

Aliweka birika chini. Akapita katikati ya watu, akainua komeo, akausukuma ule mlango uliofungwa mpaka ukagonga ukuta, na mwanga wa jioni ukaingia mpaka kwenye rafu za sabuni.

"Songeni," akawaambia, "mtoto apate pa kukaa."

Nikakaa kwenye mkeka. Bibi akanisogezea kikombe, kisha akasema anataka kuusikia tena ule wimbo ambao mutu anajijibu mwenyewe, maana wakati ule watu walikuwa wanalia hakusikia vizuri. Hakuna aliyekuwa amelia, lakini sikumsahihisha. Simu yangu ina spika dhaifu, kwa hiyo mama alinipa sufuria tupu. Nikaiweka simu ndani, filimbi ikapanda kwenye kuta za bati ikawa kubwa kuliko duka, na watu wakainamisha vichwa juu ya sufuria kama wanaoangalia mboga.

"Ngojeni," nikawaambia. "Mwishoni anacheka."